Bunduki Mbili za Fundi Mmoja

Wazee walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Maana yake ni kwamba mtu mwenye nia ya kulima hulima kwa jembe lolote lililo mkononi mwake, na yule ashindaye akipima mipini hushikwa na jua kali kabla hajapiga hata tuta moja. Neno hilo ni kweli kwa jembe. Lakini leo twapenda kusema nanyi habari za chombo ambacho mtu asipokichagua kwa akili aweza kulipa kwa damu, na pengine si damu yake, bali ya mwanawe au ya jirani yake. Chombo hicho ni bunduki ya marisawa.

Hatusemi haya ili kumtamanisha mtu kununua bunduki. Walio wengi kati yenu hawana haja nayo, na asiye na haja nayo ni heri akae bila hiyo. Lakini wako wakulima wenye ruhusa ya serikali ambao hulinda mahindi yao na nguruwe mwitu na nyani. Wako askari wa wanyamapori. Wako walinzi wa maghala. Watu hao hufika dukani wakaonyeshwa bunduki mbili zinazofanana kwa umbo, moja ya pampu, na moja ijishindiliayo yenyewe, ambayo wengine huiita nusu otomatiki. Kisha huambiwa, "Chagua." Tena wako wanafunzi, ambao hupenda kujua namna mtambo wowote unavyofanya kazi. Kwa ajili ya wote hao, na tuanze mwanzo.

Bunduki ya marisawa haipigi punje moja kama bunduki ya vita. Ganda lake hujazwa punje nyingi ndogo za madini, nazo zikitoka mtutuni hutawanyika kama mtama uliotupwa kwa kiganja. Kwa hiyo yafaa kwa ndege arukaye na mnyama akimbiaye karibu, wala si kwa kilicho mbali. Marisawa madogo ya kupigia ndege hupoteza nguvu yake ya kuua yakipita hatua 40 hivi, lakini huendelea kuruka mbali zaidi ya hapo, na jicho la mtu laweza kupofushwa na punje moja tu.

Upana wa mtutu hupimwa kwa hesabu ya kizamani, ambayo wanafunzi wataipenda. Chukua ratli 1 ya madini ya risasi, uigawe mafungu 12 yaliyo sawa, na kila fungu ulifanye tufe. Mtutu ambao tufe hilo hupita ndani yake barabara huitwa mtutu wa namba 12. Ukiigawa ratli ile mafungu 20, kila tufe litakuwa dogo zaidi. Basi mtutu wa namba 20 ni mwembamba kuliko wa namba 12. Hesabu ikikua, mtutu hupungua. Wengi hudhani ni kinyume chake, wakanunua wasichokitaka.

Zamani watu walikuwa na gobori, lililoshindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni, na aliyekosa shabaha alikuwa na kazi kubwa kabla ya kupiga tena. Baadaye ikaja bunduki ya mitutu miwili, yenye risasi 2 tayari. Mafundi hawakutosheka. Wakatafuta njia ya kumpa mpigaji risasi nyingi katika mtutu mmoja, na katika kutafuta huko ndipo zilipozaliwa bunduki zetu mbili za leo.

Jambo la ajabu ni kwamba bunduki hizi, ambazo watu hubishana juu yake kana kwamba ni koo mbili zenye ugomvi, zilienea duniani kwa kazi ya fundi mmoja. Jina lake ni John Moses Browning, aliyezaliwa mwaka 1855 katika mji wa Ogden, nchi ya Utah, huko Marekani. Baba yake alikuwa fundi wa bunduki, na mtoto alikulia katika karakana, akichezea vyuma kama watoto wengine wachezeavyo udongo. Yeye hakuwa wa kwanza kufanya bunduki ya pampu. Christopher Spencer alimtangulia mwaka 1882. Lakini pampu ya Browning, iliyotolewa na kiwanda cha Winchester mwaka 1893, kisha ikatiwa nguvu na kutolewa upya mwaka 1897, ndiyo iliyoshika njia. Hiyo ya mwaka 1897 iliendelea kutengenezwa hata mwaka 1957, na hesabu yake ikapita 1,000,000.

Sasa sikilizeni namna ifanyavyo kazi. Chini ya mtutu kuna bomba refu, na ndani yake risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, zikisukumwa na kamani. Juu ya bomba hilo kuna mti ambao mpigaji huushika kwa mkono wa mbele. Akiisha kupiga, huuvuta mti ule kuelekea kwake. Komeo la bunduki hufunguka, ganda tupu hutupwa nje, na risasi mpya hutoka bombani. Akiusukuma mti mbele, risasi mpya huingia chumbani mwake, na komeo hujifunga. Hayo ndiyo yote. Pasipo mkono kwenda nyuma na kurudi mbele, hakuna risasi ya pili.

Browning hakukomea hapo. Kila risasi inapolia, marisawa huenda mbele, na nguvu nyingine hurudi nyuma ikampiga mpigaji begani. Nguvu hiyo ya nyuma ilikuwa ikipotea bure, wala haikuleta faida ila maumivu. Yeye akaipa kazi. Akaunda bunduki ambayo mtutu wake haukukazwa mahali pamoja, bali huteleza. Risasi ikilia, mtutu na komeo vikiwa vimeshikana hurudi nyuma pamoja, vikibana kamani zao. Vifikapo mwisho, komeo huzuiliwa, mtutu hurudi mbele peke yake, na ganda tupu hutupwa nje. Kisha komeo hufuata, likichukua risasi mpya na kuitia chumbani. Yote haya hutimia kabla mpigaji hajapepesa jicho, naye hakuondoa mkono mahali pake.

Bunduki hiyo karibu ikose mwenyeji. Mpaka wakati ule, Winchester walikuwa wakinunua haki za vitu vyake kwa fedha za mara moja. Safari hii Browning alitaka alipwe fungu kwa kila bunduki itakayouzwa, nao wakakataa. Urafiki wa miaka mingi ukavunjika. Akaenda kwa mkuu wa kiwanda cha Remington, Marcellus Hartley. Siku alipokuwa akingoja kuonana naye, mwezi wa Januari 1902, mkuu yule akafa ghafula kwa ugonjwa wa moyo. Basi Browning akaichukua bunduki yake, akapanda meli akavuka bahari mpaka Ubelgiji, katika mji wa Herstal, na mafundi wa kiwanda cha Fabrique Nationale wakaipokea. Yeye mwenyewe akaagiza bunduki 10,000. Iliitwa Auto-5, kwa sababu ilichukua risasi 5, yaani 4 bombani na 1 chumbani. Ilitengenezwa kwa zaidi ya miaka 90. Na Browning alifia huko huko Ubelgiji, kiwandani, mwaka 1926.

Twaona basi kwamba fundi aliyewapa watu pampu ndiye aliyewapa pia bunduki ijishindiliayo. Kama moja ingekuwa bora kabisa na nyingine takataka, nadhari ya fundi huyo isingekubali ziuzwe zote mbili. Kila moja ina kazi yake na mtu wake. Tuzitazame kwa mambo manne: mbio, pigo la begani, chakula chake, na uchafu.

Kwanza ni mbio. Ni kweli kwamba ijishindiliayo hupiga upesi zaidi katika mikono ya mtu wa kawaida. Lakini mkono uliozoea hufanya maajabu. Herb Parsons, Mmarekani aliyeonyesha watu kazi ya bunduki za Winchester, alikuwa akirusha hewani vigae 7 vya udongo kwa mkono wake mwenyewe, akavipasua vyote, kimoja kimoja, kabla havijaanguka. Na bunduki yake katika mchezo huo ilikuwa ya pampu. Tena mwindaji mzoefu atawaambia kwamba kwale huuawa kwa risasi ya kwanza. Ya pili mara nyingi ni ya kusahihisha kosa, na ya tatu ni ya kujifariji. Mtu anunuaye bunduki kwa ajili ya risasi ya tatu amenunua dawa ya ugonjwa ambao angeuponya kwa kujifunza shabaha.

Pili ni pigo la begani. Hapa ijishindiliayo hupata ushindi, hasa zile za namna mpya. Baada ya Browning mafundi wengine walipata njia nyingine: walitoboa tundu dogo mtutuni, ili sehemu ya hewa ya moto ya baruti itoke hapo na kusukuma mtambo. Remington walitoa bunduki ya namna hiyo mwaka 1963, wakaiita 1100, nayo ikajulikana sana kwa upole wake begani. Nguvu yenyewe haipotei, lakini huja kwa kusukuma kidogo kidogo, wala si kwa kishindo kimoja. Kwa mzee, kwa mtu mwenye bega bovu, au kwa yule apigaye mamia ya risasi mchezoni kwa siku moja, jambo hili si dogo. Vilevile mtu aliyeumia mkono mmoja asiweze kuuvuta mti wa pampu, huyo ijishindiliayo ndiyo rafiki yake.

Tatu ni chakula chake, maana yake risasi. Pampu haichagui chakula. Risasi nyepesi au nzito, alimradi ni ya kipimo chake, huila na kuitema, kwa kuwa nguvu ya kuigeuza hutoka katika mkono wa mtu. Ijishindiliayo huishi kwa nguvu ya risasi yenyewe. Ukiilisha risasi iliyo dhaifu mno, mtambo hufika nusu ya safari na ganda tupu hunasa mlangoni. Katika Auto-5 ya Browning mlikuwa na pete maalumu ya kupunguza mwendo wa mtutu. Kwa risasi nzito pete hukaa hivi, kwa risasi nyepesi hukaa vingine. Wengi hawakujua, au walijua wakaona uvivu kuigeuza, nao wakapiga risasi nzito kwa pete ya risasi nyepesi. Mtutu ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, na mti wa mbele ukapasuka. Watu wakailaumu bunduki, na kosa lilikuwa lao.

Nne ni uchafu. Vumbi la kiangazi, matope ya masika, chumvi ya upepo wa pwani, haya yote ni adui wa chuma. Pampu ina vipande vichache vinavyotegemeana, na ikikwama kidogo mkono huongeza nguvu ikaendelea. Ijishindiliayo haina mkono wa kuisaidia. Na ile ya tundu la hewa hukusanya masizi, ambayo yasiposafishwa huigandisha. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Marekani walichukua pampu za mwaka 1897 mpaka katika mahandaki ya Ufaransa, nazo zikafanya kazi kiasi kwamba mwezi wa Septemba 1918 serikali ya Ujerumani iliandika barua ya kuzilalamikia. Lakini hata huko kulikuwa na somo. Risasi za wakati ule zilikuwa za karatasi, na karatasi ilivimba kwa unyevu zisiweze kuingia chumbani. Bunduki nzuri haina faida kwa mtu awekaye risasi zake mahali penye maji.

Hata hapa mizani imekaa karibu sawasawa. Ni lazima tuongeze ya kwamba pampu nayo ina kosa lake, ambalo si la chuma bali la mtu. Mwenye hofu huuvuta mti nusu, akausukuma kabla haujafika mwisho. Ganda tupu halitoki, au risasi mpya haiji. Dawa yake ni mazoezi tu: vuta mpaka mwisho, sukuma mpaka mwisho.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake tumetaka kusema nanyi leo. Natuwaze baba na mwanawe wamekwenda usiku kulinda shamba. Nguruwe ametokea, baba amepiga, nguruwe ameanguka. Kwa furaha wote wawili wanakimbia kumtazama, katika giza, juu ya matuta na mizizi. Je, bunduki iliyo mkononi mwa baba iko katika hali gani?

Ikiwa ni pampu, na hajauvuta mti, chumbani mna ganda tupu. Akijikwaa, akaanguka, kidole kikagusa kifyatulio, hapana litakalotokea. Ikiwa ni ijishindiliayo, tangu ile dakika alipopiga imekwisha kujitia risasi nyingine, nayo iko tayari kabisa. Baba anakimbia na mauti mkononi, na mwana yuko mbele yake. Hakufanya neno lolote kuiandaa. Imejiandaa yenyewe, kwa sababu ndiyo kazi iliyoundiwa.

Hiyo ndiyo tofauti iliyo kubwa kuliko mbio na pigo na uchafu. Katika pampu, kila risasi mpya huingia kwa shauri la mtu. Katika ijishindiliayo, risasi mpya huingia pasipo shauri, na shauri la mtu huhitajika kuizuia. Mwenye bunduki ya namna hii hana budi kuzoeza kidole chake kutoka katika kifyatulio na kutia kizuizi kila akiisha kupiga, kabla hajainua mguu hata hatua 1. Aliyezoea hivyo yu salama. Asiyezoea hafai kuichukua.

Wala msidhani kwamba pampu ni malaika. Aliye na kitetemeshi cha hofu huuvuta mti bila kufikiri, na hapo bunduki yake ni sawa na ile nyingine. Tena ile pampu ya mwaka 1897, ambayo bado huonekana katika mikono ya watu, ina tabia yake: mtu akishikilia kifyatulio bila kukiachia huku akisukuma mti, hulia kila komeo linapojifunga. Asiyejua habari hiyo aweza kuua mtu kwa bunduki anayodhani ni ya pole.

Serikali nyingi zimekwisha kuona kwamba bunduki hizi ni ndugu. Huko Marekani, ambako wawindaji wa biashara walikuwa wameua ndege wa majini kwa maelfu, amri ilitolewa mwaka 1935 kwamba apigaye bata wahamao asiwe na bunduki ichukuayo zaidi ya risasi 3. Kwa sababu hiyo watu hutia kijiti ndani ya bomba ili nafasi ipungue, na haidhuru kama ni pampu au ijishindiliayo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, iliziweka zote mbili chini ya kibali kikali zaidi zikiwa bomba lake laweza kuchukua zaidi ya risasi 2. Australia ilifanya vivyo baada ya mauaji ya mwaka 1996 katika Port Arthur, na tangu hapo mtu wa kawaida hapati yoyote ya hizo mbili ila awe na sababu, kama vile mkulima. Kwetu pia sheria zipo. Tanzania ina sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na hakuna awekaye bunduki pasipo leseni. Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977. Basi mjue kwamba ruhusa ya kuweka bunduki ni jambo moja, na ruhusa ya kuwinda ni jambo jingine.

Sasa tutoe shauri letu. Anayeanza kujifunza, au anayepiga mara chache kwa mwaka, na bunduki yake hukaa katika nyumba ya vumbi mbali na fundi, na achague pampu. Bei yake kwa kawaida ni ndogo, haichagui risasi, na humfundisha mtu kufikiri baina ya risasi moja na nyingine. Anayepiga mara nyingi, mwenye bega dhaifu, mwenye subira ya kufungua na kusafisha, mwenye hakika ya kupata risasi za nguvu moja, na zaidi ya yote mwenye kidole kilichofundishwa, huyo aweza kuchagua ijishindiliayo, wala hatajuta.

Na ye yote mtakayeichagua, shikeni haya manne. Kila bunduki ihesabuni kuwa imeshindiliwa, hata kama mmeitazama sasa hivi. Msiuelekeze mtutu kwa kitu msichotaka kukiua. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka shabaha iwe imekwisha kupatikana. Mjue kilicho mbele ya mtutu, na kilicho nyuma yake pia. Mkirudi nyumbani, toeni risasi zote, zihesabuni, mzifungie mahali pake, na bunduki mahali pake, ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Mchagua jembe si mkulima, walisema wazee, nao walisema kweli. Lakini mchagua bunduki asipojichagua yeye mwenyewe kwanza, akajua mkono wake, macho yake na hasira zake, fundi yeyote hatamsaidia, hata yule wa Ogden aliyezifanya zote mbili.